Mali Bila Daftari: Mawaidha kwa Vijana Wanaolinda Mitambo ya Usiku

Wiki iliyopita simu yangu iliita kabla jogoo wa pili hajawika.

"Shikamoo, mzee. Samahani kwa kukuamsha. Mfumo umegoma tena."

"Marahaba, mwanangu. Umegoma vipi?"

"Mafaili ya usiku huu hayajaenda. Ya jana yalikwenda. Ya juzi hayakwenda."

"Umefanya nini mpaka sasa?"

"Nimezima seva, nikawasha. Sasa yanakwenda."

"Na kabla ya kuizima, uliandika ilikuwa inasema nini?"

Akanyamaza.

Kimya kile, wanangu, nimekisikia kwa vijana wengi, na nimechoka nacho. Sikumkaripia yule mtoto, maana ni mtoto mwema: ameamka usiku wa manane kwa kazi ambayo hakuna anayemshukuru. Lakini nimeona niketi, niwaandikie nyote mnaolinda mitambo hii katika ofisi, zahanati, hospitali na vyama vya akiba na mikopo vya Sengerema, Buchosa na ng'ambo ya maji. Nimezeeka, na sitakuwapo kila usiku kupokea simu. Yashikeni haya.

Mimi kazi niliianza na karatasi. Nilikuwa karani wa takwimu, zama zile vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma za afya, vikijazwa kwa kalamu, tukihesabu wagonjwa kwa vijiti: vinne vimesimama, cha tano kinavikata ubavu. Mwisho wa mwezi tulijumlisha, tukatia taarifa kwenye bahasha, nami nikavuka maji pale Busisi kwa kivuko kwenda Mwanza. Pamoja na bahasha nilibeba daftari la dispachi. Bahasha ikipokelewa, mpokeaji aliandika tarehe, saa na idadi, akatia sahihi na muhuri. Bila sahihi ile, kwa mkuu wangu nilikuwa sijafika, hata kama viatu vyangu vimejaa vumbi la Kigongo, gati la ng'ambo ya pili.

Leo taarifa hizo zinasafiri ndani ya mkongo na minara ya simu, na karani wake ni programu iliyopangiwa saa ya kuamka. Hata njia ya miguu na magari imebadilika: Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na maji tuliyokuwa tukiyangoja kwa foleni ndefu sasa tunayavuka kwa dakika chache. Namshukuru Mungu kwa kuniweka hai hadi nikaliona. Ila katika kuhama kutoka karatasi kwenda mitambo, kuna kitu tulichokisahau gatini: lile daftari la dispachi. Tulisema mtambo utajiandikia wenyewe. Kweli hujiandikia, kila sekunde, lakini maandishi yake hayasomwi na mtu mpaka siku ya msiba.

Niwape kisa. Ofisi yenyewe siitaji, na watu wake siwataji, maana nataka mchukue fundisho. Kila usiku saa nane mfumo wao ulitengeneza faili la miamala ya siku nzima. Saa nane na nusu programu nyingine ililichukua na kulipeleka kwenye seva ya makao yao makuu kwa njia ya SFTP, ambayo hufunga mzigo kwa ufunguo wa siri ili asiusome mtu njiani. Kazi hiyo ilikwenda miaka miwili bila neno. Kisha mfumo ukaboreshwa: toleo jipya, seva mpya, skrini za kuvutia. Wiki ya kwanza ilipita kwa amani. Wiki ya pili, usiku mmoja, faili halikufika. Asubuhi wakalituma kwa mkono, likafika. Siku tatu baadaye, tena. Zikapita siku tano salama, kisha mbili mfululizo mbaya.

Kosa linalokuja na kukaa halina taabu kubwa: limesimama mlangoni, unaliona, unalikamata. Hili linalokuja na kuondoka ndilo linalokula moyo, kwa sababu kila unachokifanya kinaonekana kuwa dawa. Umebadilisha nywila, usiku ule faili likaenda, ukasema dawa ni nywila. Umebadilisha waya, likaenda, ukasema dawa ni waya. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunaijua homa ya malaria, inayopanda na kushuka. Mpe mgonjwa uji homa inapoanza kushuka, naye ataapa kwamba uji unatibu malaria. Kesho jioni homa inarudi, na uji haujui la kusema.

Pale ofisini walijaribu kila uji. Waliwasha upya seva. Waliilaumu kampuni ya intaneti. Waliulaumu umeme. Mwishowe wakamgeukia mlinzi wa usiku, wakasema huchomoa plagi ya mtambo ili achaji simu yake. Mzee yule, mtu mwenye wajukuu, aliitwa mbele ya vijana na kuhojiwa kama mwizi. Akaapa kwamba hajagusa. Hakuaminiwa. Akahamishiwa lango la nyuma.

Mimi niliitwa baada ya hapo, na sikugusa kitufe. Niliomba daftari la kurasa mia moja, lile la dukani, na kalamu. Nikachora safu nane: tarehe, siku ya wiki, saa faili lilipoanza kuandikwa, saa lilipokamilika, saa lilipoanza kusafiri, ukubwa wake, anwani ya seva iliyolipokea, na maneno ya kosa, neno kwa neno, kama mtambo ulivyoyatoa. Nikawaambia: kwa siku kumi na nne msibadilishe chochote. Likikwama, litumeni asubuhi kwa mkono, lakini andikeni kwanza.

Walinung'unika, nami niliwaelewa. Mkubwa anapiga simu akiuliza faili liko wapi, na wewe unaambiwa ushike kalamu. Lakini siku ya kumi na mbili binti mmoja, mdogo kuliko wote pale, aliweka kidole kwenye daftari akasema: "Babu, yote yaliyokwama ni makubwa. Na yote ni ya usiku wa gulio au wa mwisho wa mwezi."

Ndivyo ilivyokuwa. Mfumo mpya ulikagua mambo mengi zaidi kabla ya kuandika, kwa hiyo uliandika polepole kuliko wa zamani. Siku za kawaida ulimaliza mapema. Siku za gulio, miamala ikiwa mingi, saa nane na nusu ilifika faili likiwa bado linaandikwa. Programu ya kupeleka haikuwa na habari hiyo, yenyewe ilitazama saa tu. Ikachukua faili nusu, ikaondoka nalo, na upande wa pili likakataliwa kwa kuwa halina mwisho. Asubuhi kijana akilituma, faili limekwisha kamilika zamani, linapita bila shida, naye anaandika kwenye ripoti: mtandao ulisumbua. Hebu fikirini kivuko kinachoondoka kwa kufuata saa ya ukutani huku watu wangali kwenye ubao wa kupandia. Huwezi kuyalaumu maji.

Dawa ilikuwa mistari michache. Faili liandikwe kwanza kwa jina la muda, na likishakamilika ndipo lipewe jina lake halisi. Programu ya kupeleka isilione ila kwa jina hilo halisi. Ndani ya diski moja, kubadilisha jina hufanyika mara moja: ama limebadilika, ama halijabadilika, hakuna nusu. Na kupeleka kusifuate saa, kufuate kukamilika, kazi ya kwanza ikiisha ndiyo iamshe ya pili. Siku ile walipokamilisha, nilimwomba mkuu wa ofisi aende langoni mwenyewe, mchana, mbele ya wale wale waliomwona mlinzi akihojiwa, amwombe radhi. Alikwenda. Mzee alipokea radhi ile akiwa amesimama wima, machozi yakimlengalenga.

Hilo la mlinzi ndilo linalonisumbua kuliko faili. Kosa la kuja na kuondoka lina tabia ya kutafuta mtu wa kulibeba, na kwa kawaida humwangukia mnyonge. Uingereza, shirika la posta lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon. Mfumo ule, katika baadhi ya posta, ulionyesha upungufu wa fedha ambazo hazikupotea. Wakubwa hawakuuhoji mfumo, waliwahoji wasimamizi wa posta ndogo za mitaani na vijijini. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, wapo waliojitoa uhai. Wengi walipolalamika waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu ule, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu. Miaka ishirini na zaidi ilikuwa imepita. Kasoro zile hazikutokea kila siku wala kwa kila mtu, ndiyo maana ilikuwa rahisi kusema hazipo. Basi mkiwa na kosa la namna hii mikononi, marufuku kutaja jina la mtu kabla daftari halijasema.

Sasa nitawapa maswali ninayoliuliza daftari. Yafuateni kwa zamu, msiruke.

Swali la kwanza: nini kimebadilika? Mkiambiwa mfumo umeboreshwa, msikubali jibu hilo kuwa moja. Ndani yake kuna toleo la programu, toleo la seva, funguo, ruhusa za folda, saa, njia ya mtandao, na mtumiaji ambaye kazi ya usiku inaendeshwa kwa jina lake. Kazi ikienda ukiiendesha kwa mkono na kukwama usiku, tazameni hapo mwanzo kabisa: kwa mkono unaingia na ruhusa zako na mazingira yako, usiku kazi inakwenda na ya mtumiaji mwingine.

Swali la pili: je, linafuata saa? Seva nyingi mpya huja zikiwa kwenye saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kazi uliyoiandikia 02:30 ukidhani ni saa nane na nusu usiku, kwenye seva hiyo itaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, huenda wakati upande wa pili umefunga mlango kwa ajili ya kuhifadhi nakala. Na sisi tunaosema Kiswahili tuna mtihani wa ziada, kwa kuwa tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo. Nimemwona kijana akiambiwa kwa simu apange kazi saa mbili usiku, akaandika 02:00, na aliyesema alitaka 20:00. Chagueni namna moja ya kuandika saa, na kando yake andikeni ni saa za wapi.

Swali la tatu: je, linafuata ukubwa? Kisa cha gulio mmekisikia. Kipo na kingine. Pakiti ya kawaida ya mtandao wa waya hubeba hadi baiti 1,500. Mawasiliano yakipitishwa ndani ya VPN, yaani njia ya faragha iliyofungwa ndani ya mtandao, ufungaji wenyewe unakula sehemu ya nafasi hiyo, na pakiti iliyojaa haitoshei tena. Ruta hurudisha ujumbe kwamba mzigo upunguzwe. Lakini kama ukuta wa moto umefungwa kwa ukali kupita kiasi, ujumbe huo unazuiwa njiani na mtumaji hapati habari. Matokeo yake yanachanganya mtu: unaingia kwenye seva vizuri, orodha ya mafaili unaiona, faili dogo linapita, na faili kubwa linaganda katikati bila kosa lolote mpaka muda wa kusubiri unapokwisha. Ukiona baiskeli zinavuka na malori hayavuki, usiwalaumu madereva, nenda ukapime njia.

Swali la nne: je, linafuata msongamano? Seva nyingi zinazopokea kwa SFTP hutumia programu ya OpenSSH, na hii ina desturi ambayo wachache wanaijua. Kwa mpangilio wake wa kawaida, wakifika mlangoni kumi ambao bado hawajathibitishwa, huanza kuwakataa wanaofuata kwa bahati nasibu, asilimia 30 kwanza, kisha zaidi kadiri foleni inavyokua, na wakifika mia moja huwakataa wote. Basi fikirini vituo vya wilaya zote vimepangiwa saa sita kamili usiku, kwa kuwa kila aliyepanga aliiona kuwa saa nzuri. Leo unakataliwa wewe, kesho mwenzako wa Geita, keshokutwa wa Misungwi, na kila mmoja anadhani mchawi wake yuko karibu. Kwa mtu aliye peke yake, kosa hili halina mpangilio kabisa. Ni mkikaa pamoja na kulinganisha madaftari ndipo mnaona kwamba mlikuwa mkisukumana mlangoni. Gawaneni dakika: mmoja saa sita na dakika saba, mwingine saa sita na dakika kumi na tisa.

Swali la tano: je, linafuata upande wa pili? Makao makuu mara nyingi huwa na seva mbili zinazopokezana chini ya jina moja. Ikiwa moja imeboreshwa na nyingine bado, usiku mmoja utapita na mwingine utakataliwa, kutegemea nani kafungua mlango. Hata upande wenu ukiboreshwa yanatokea: toleo la 8.8 la OpenSSH, lililotoka Septemba 2021, liliacha kukubali kwa kawaida sahihi za kale za RSA zinazotumia SHA-1. Seva kongwe isiyojua sahihi nyingine haitaelewana nalo, ilhali mwenzake mpya ataelewana nalo bila shida. Hiyo ndiyo sababu ya safu ya saba katika daftari langu. Jina la seva halitoshi, andikeni namba ya anwani.

Swali la sita, nami naliweka mwisho kwa makusudi: je, ni mtandao kweli? Upo wakati ambao ni mtandao. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Siku ile kuulaumu mtandao ilikuwa haki. Lakini tazameni tofauti: mkongo ukikatika, benki inalia, dukani wanalia, nyumbani wanalia, na habari inatangazwa redioni. Faili moja likikwama saa nane na nusu usiku huku simu ya mlinzi inapokea picha za harusi, msiseme mtandao mpaka mmeupima.

Mkishapata sababu, rekebisheni jambo moja, kisha ngojeni. Mkibadilisha matano kwa usiku mmoja na kosa likaondoka, hamtajua lipi liliondoa, na likirudi mtaanza upya kama watoto. Na kabla ya kuboresha mfumo wowote, jaribuni pia safari ya kurudi nyuma. Juni 2012 benki za kundi la RBS huko Uingereza ziliboresha programu inayoendesha kazi zao za usiku. Walipoona mambo hayaendi, wakaamua kuiondoa na kurudi kwenye toleo la zamani bila kwanza kupima kurudi huko kutaleta nini. Hapo ndipo palipoharibika zaidi. Wateja wapatao milioni 6.5 waliguswa, wengine wakashindwa kuona salio au kulipa walichotakiwa kulipa, na Novemba 2014 wasimamizi wa fedha wakazitoza benki hizo faini ya pauni milioni 56. Walikuwa na wataalamu na fedha ambazo sisi hatuna. Walichokosa ni subira ya kupima.

Kisha rudisheni daftari la dispachi ndani ya mtambo wenyewe. Sisi wa Ziwa tunajua bei ya kutohesabu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Kuna familia zilizokaa ufukweni zikiuliza habari za mtu ambaye hakuna karatasi iliyosema kwamba alipanda. Sifananishi faili na roho ya mwanadamu, Mungu apishe mbali. Nasema kwamba ziwa lilitufundisha kwa machozi: kilichopanda kiandikwe, kilichoshuka kiandikwe, na hesabu mbili zikutane. Kila usiku tumeni orodha pamoja na mafaili: mangapi, majina gani, ukubwa gani. Upande wa pili urudishe orodha yake. Zisipolingana, kazi haijaisha, hata mtambo ukisema imefaulu.

Kuhesabu hakutoshi bila kupima. Wazee wetu wa pamba walilijua hili. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Kanda ya Ziwa hawakuiamini mizani ya wanunuzi, na hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma kuunda vyama vyao chini ya uongozi wa Paul Bomani, vikaungana mwaka 1955 katika shirikisho la ushirika lililojulikana kama VFCU. Mkulima alitaka uzito wa upande wake na wa upande wa pili ukubaliane. Kwa mafaili, mizani hiyo ni alama ya SHA-256: programu hulipigia faili hesabu na kutoa alama ya herufi na tarakimu 64, na ndani ya faili ikibadilika hata nukta, alama nayo hubadilika. Tumeni alama, mpokeaji apige hesabu yake mwenyewe, na zikifanana ndipo aseme amepokea. Hiyo ndiyo sahihi na muhuri.

Mtambo uruhusiwe kurudia, maana njia zetu zina mashimo. Faili likikwama, ujaribu tena baada ya dakika moja, kisha tano, kisha kumi na tano, kila mara ukiandika kwamba umerudia na kwa nini. Nao upande wa pili uwe na uwezo wa kutambua faili ambalo umekwisha kulipokea, ili malipo ya mtu yasiingizwe mara mbili. Na wekeni kengele ya kimya. Kengele nyingi mlizoweka hulia kosa likitokea, lakini kazi ambayo haikuamka kabisa haitoi kosa, inanyamaza tu. Ikifika saa tatu asubuhi na faili la jana halijatiwa sahihi, simu iite.

Kwenu wakubwa wa ofisi nina neno pia. Kijana wenu akiwaambia "bado sijui, nipeni siku kumi na nne niandike," msimwone mzembe. Huyo ndiye mtumishi. Mnayepaswa kumhofia ni yule anayesema kila asubuhi "nimeshatatua" na kila jioni kosa linarudi. Mkiwakemea vijana kwa kusema hawajui, mtawafundisha kuficha, na mficha maradhi kifo humuumbua. Wapeni muda, wapeni nafasi ya kuzungumza na wenzao wa upande wa pili, na msiruhusu uboreshaji wa mfumo ufanywe mwisho wa mwezi au Ijumaa jioni, wakati ambapo hakuna wa kuuangalia.

Nanyi wanangu, msije mkasahau kilichomo ndani ya mafaili hayo. Ninyi mnaona majina marefu na namba. Mimi bado naona vijiti vyangu vya kalamu, na kila kijiti alikuwa mtu aliyetembea tangu Nyakaliro au aliyevuka kutoka kisiwa cha Kome na mtoto mgongoni. Faili likipotea bila mtu kujua, dawa zinaagizwa pungufu, mshahara wa mtu unachelewa, mkulima anahesabiwa hajaleta. Mtu huyo hatajua kamwe kwamba shida yake ilianza saa nane na nusu usiku kwenye chumba chenye kiyoyozi. Atasema ni bahati yake mbaya. Sisi ndio tunaojua, na kwa kuwa tunajua, tutaulizwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo kabla duka halijafungwa, nunueni daftari la kurasa mia moja na kalamu mbili. Chora safu nane. Liweke juu ya seva, si kwenye droo. Na usiku kosa litakaporudi, maana litarudi, andika kwanza ulichokiona, soma ulichokiandika, kisha ndipo mkono uende kwenye kitufe.